Mashabiki Wanataka Nifunge Ndoa na Sanamu ya Mke Wangu

Mpendwa mshauri Mama Beatha,

Shikamoo siitoi, naidai, maana picha yako hapo gazetini inaonyesha bado una meno yote, basi pokea salamu tu na unisaidie, nimekwama na sina mwingine wa kumweleza, imamu wetu ameshanichoka na binti yangu hasemi na mimi. Shule niliishia darasa la nne, la tano nilimwachia mwalimu mwenyewe, kwa hiyo ukikuta sentensi haina mwisho ujue na mimi mwisho sijauona.

Mimi ni mzee wa huku Irente, mkulima wa kabichi na karoti, ni mgane. Mke wangu aliumwa akafariki mwaka juzi kabla ya masika, hayo tuyaache, nataka nikueleze habari ya bustani.

Jirani na shamba langu kuna bwana anaitwa Valentino, mtu wa Rangwi, amefungua bustani ya michezo, ni ndogo tu, ina bembea, ina puto kubwa la watoto kurukia, ina farasi mmoja aliyechoka kuliko mimi, na wageni wakitoka kutazama bonde kule juu wanapita pale kunywa soda. Sasa watu wakawa wanakuja mara moja hawarudi, ndipo akatoa wazo la kujenga Nyumba ya Bibi, yaani msonge wa Kishambaa wa zamani, ndani amekaa bibi wa simenti anapepeta maharage kwa ungo, chini kuna mota inamtikisa mikono, na ukikanyaga kizingiti anacheka, kicheko kiko kwenye spika nyuma ya kinu. Fundi wa sanamu ni Hashimu, kijana wa Kwai, akaniuliza kama kuna ubaya akimpa sura ya marehemu, maana alimjua tangu utotoni, mimi nikaona ni heshima. Picha yake nyumbani hatuna hata moja, alikuwa hataki kupigwa picha, kwa hiyo Hashimu akawa anauliza shavu liweje, pua iweje, na mimi naelekeza kama mhandisi. Alipofika mdomoni akauliza alikuwa anachekaje. Mama Beatha, hapo nilisimama kidogo, kisha nikamwambia mfanye anacheka sana, meno yote nje, wageni wanapenda. Nikampa na khanga zake marehemu avalishwe.

Kilipofunguliwa kile kivutio watu walijaa, na Valentino alikuwa ananisomea kwenye simu yake wanayoandika. Mmoja aliandika bibi anacheka kama ameshapokea kiinua mgongo. Mwingine akasema kanyumba ni kadogo mno, unaingia, unachekwa, unatoka, afadhali angekula mishikaki. Wengine wakataka atembee, wengine wakataka atoe baraka, vijana wa chuo wakamvalisha miwani ya jua na kumtia sigara mdomoni, wakapiga picha wamemkalia mapajani. Nilicheka na mimi, sikatai. Watoto wadogo tu ndio walikuwa wanalia, nao huandika wapi?

Basi nikaanza kwenda mchana wageni wakipungua, nakaa kwenye kigoda pembeni yake, namweleza kabichi zimepigwa na baridi, fulani kaoa, fulani kafa. Usinione mwehu. Mke wangu alipokuwa anaumwa, Nasra, huyu binti yetu wa mwisho, ndiye aliyekuwa anamuuguza, mimi nyumba ilikuwa na harufu ya dawa nikawa nashinda kijiweni nacheza drafti, uso wake wa mwisho niliuona kidogo tu, lakini ule uso ulinikaa machoni, nikila upo, nikisujudu upo, ulikuwa umekwisha, mdomo wazi, hadi alipokuja huyu wa simenti ndio ukaniondokea. Nikikaa pale napumzika.

Siku moja msichana wa kutoka Tanga akanipiga video kwa kujificha, naongea na bibi, bibi anapepeta, akairusha mtandaoni. Mama Beatha, nchi ikasimama. Wakaandika jamani nimelia, wakaandika wanaume wa namna hii waliisha, wakaandika mpeni babu tuzo. Wakaanza kuja kunitazama mimi. Dada mmoja alikuja na gari zuri akalia begani kwangu, akaniachia nyusi zake kwenye kanzu. Valentino akaniwekea mto kwenye kigoda na bango getini, Babu na Bibi, kila Jumamosi na Jumapili. Nilifurahi, kwa nini nikudanganye, mkulima wa kabichi nani anamwomba selfi?

Lakini wakatokea wengine wakasema ni igizo, yule babu ni msanii amelipwa. Kijana mmoja akaja kupima, akampiga bibi kofi la shavu huku mwenzake ananirekodi mimi nitafanyaje. Nikaruka na fimbo. Wakapiga makofi, Mama Beatha. Nilikuwa na hasira ya kweli, na wao wanapiga makofi, na Jumamosi iliyofuata Valentino ananiomba kama inawezekana niruke tena.

Halafu ikaja siku ile. Mota iliharibika, mikono ya bibi ikasimama hewani, spika ikawa inakwama kwenye kicheko, inakohoa, inakohoa, na ndivyo alivyokuwa anakohoa mwenyewe mwishoni. Nikalia. Sikulia msibani, nikalia pale, kamasi na machozi, mbele ya msonge mzima wa watu. Nilipomaliza wakasimama wote wakanipigia makofi marefu, wengine wanafuta macho. Na mimi nikasimama nikavua kofia nikainama, kama nilivyoona waigizaji wanafanya kwenye televisheni. Sijui nani aliniinamisha. Nilipoinua kichwa nikamwona Nasra mlangoni na hotpoti ya chakula changu. Akaiweka chini. Akaniambia, "Tate, mama hakucheka hivyo. Hata siku moja." Tate ndiyo baba kwa lugha yetu. Akageuka akaenda zake.

Tangu hapo chakula ananiwekea mezani amefunika, anakwenda kukaa uani. Nami usiku ule nilipotaka kumwombea marehemu dua nikajaribu kumkumbuka alivyokuwa anacheka kweli, sikupata. Nikajaribu alivyokuwa ananuna, sikupata. Kila nikimwita anakuja huyu wa simenti na meno yake. Miaka yote ile tuliyolala kitanda kimoja, Mama Beatha, na uso wake sinao. Nimwulize Nasra? Naona aibu, na yeye hanitazami.

Sasa mwisho wa yote, mashabiki wamechanga. Idd pili wanataka kutufanyia harusi, mimi na bibi wa simenti, kuna kanzu mpya, kuna keki, kuna kundi la taarabu linatoka Korogwe, bango limeshachapwa. Nilimwuliza imamu, akasema sanamu yenyewe ni tatizo, kufunga nayo ndoa ni wazimu, nikamwuliza je mahari nimkabidhi nani, akanifukuza. Nasra ametuma ujumbe kupitia kaka yake wa Muheza, kwamba nikikaa kwenye kiti cha bwana harusi yeye anahamia huko na harudi. Mizigo nimeiona, imefungwa. Na Valentino anasema nisipotaka hakuna shida, wazee wako wengi, atamkalisha mwingine kwenye kigoda changu, na mimi nikifikiria mzee mwingine anamweleza mke wangu habari za kabichi zake natamani kuchoma msonge.

Nikienda nampoteza binti. Nisipokwenda nabaki na nini, maana yule wa kweli ameshanitoka, na yule wa mdomo wazi ananisubiri nyumbani. Nifanyeje?

Jina langu usilitangaze, ingawa nchi nzima wananijua.

Babu wa Nyumba ya Bibi, Irente

MAMA BEATHA ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Umeipata uliyoidai, sasa keti vizuri, kwa sababu yanayofuata hayana adabu nyingi.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka. Umenitajia Valentino, Hashimu na Nasra, hata farasi umenieleza afya yake. Mkeo umemwita marehemu, ukamwita bibi, ukamwita yule wa mdomo wazi. Jina lake hukuliandika popote. Alikuwa nani, mzee?

Pole kwa msiba, naisema kwa moyo wote, maana naona katika hao mashabiki wako wote waliolia na kukupiga picha hakuna aliyekupa pole. Usiwalaumu sana. Wamelipa kiingilio, wakaona mzee analia, wakashangilia. Hawana deni kwako na wewe huna deni kwao. Anayekudai ni mmoja, anakufunikia chakula mezani.

Unasema uso wa mkeo umepotea. Haukupotelea bustanini. Ulianza kupotea siku zile ulipokuwa unakimbia harufu ya dawa kwenda kusukuma kete. Hukuwepo, mzee wangu. Nasra alikuwepo. Alimgeuza kitandani, alimfuta mdomo, alisikia kile kikohozi usiku kucha, na naamini alikuwamo miongoni mwa wanawake waliomwosha. Kisha akakuta baba yake amemtengenezea mama kinywa cha kuwachekesha wageni, amemvika khanga zake, na anapigiwa makofi kwa huzuni ambayo yeye aliibeba peke yake. Ungekuwa wewe ungefunga mizigo mapema zaidi.

Ulipomwambia fundi amchekeshe ulijua unachofanya. Ulitaka mke asiyekulaumu. Nakuelewa, na bado nakukaripia.

Harusi hiyo huendi. Mambo ya dini imamu wako ameshakwambia, mimi siyaongezei. Huendi kwa sababu Nasra akipanda gari la Muheza, anaondoka mtu wa mwisho hapo nyumbani anayejua mama yake alikuwaje. Hapo utabaki na simenti kweli.

Kesho asubuhi, kabla hawajafungua geti, nenda kwa Valentino. Mwambie umeacha. Usicheze, usimfanyie vichekesho, maana ukianza kumchekesha atakushawishi. Bango akalibandue mwenyewe, waliochanga awarudishie fedha zao, hilo ni lake. Vua khanga za mkeo kwenye ile sanamu uondoke nazo, avalishe nyingine za dukani. Hashimu mwombe kwa upole abadilishe sura. Akikubali mshukuru, akikataa iache ilivyo, usiivunje na msonge usiuchome, unataka kuzeekea rumande? Na kama Valentino atamleta mzee mwingine akae pale, acha akae. Utaumia. Uumie ukiwa kwako.

Ukirudi, mfuate Nasra uani umkabidhi khanga. Maneno matamu usimpe, unayo mengi mno na ndiyo yaliyokufikisha hapa. Mwambie hivi tu: nilikimbia, na sasa siukumbuki uso wa mama yako, nisimulie. Ile aibu unayoiogopa ndiyo mlango wenyewe, pita hapo. Atakunyamazia siku hiyo, labda na ya pili. Kesho yake kaa tena uani. Siku atakayoanza, aanzie anapotaka yeye, na najua ataanzia kwenye ugonjwa, pale usipopataka. Sikiliza yote. Usidakie, usitie utani, usiende kijiweni.

Yule wa mdomo wazi atarudi. Mruhusu arudi. Huyo si jini, ni mkeo alipokuwa anakufa na wewe hukuwa umeshika mkono wake. Mtazame mpaka umzoee. Kama nyuma yake utauona ule uso mwingine, wa miaka yenu ya kawaida, mimi sijui. Inawezekana usiuone tena maisha yako yote, na sitakutia moyo kwa uongo, kicheko cha uongo umeshakuwa nacho cha kutosha. Ila Nasra anao, na mtu akisimuliwa vizuri huona kidogo.

Idd pili, mashabiki wasiposikia tangazo kwamba harusi haipo watakufuata mpaka nyumbani na keki yao. Toka uwapokee kwa heshima. Waambie mke wako alifariki, mtaje jina lake, na kwamba huu ni msiba ambao hukuukalia. Watakaoondoka waondoke, watakaotaka kurekodi wafungie mlango. Halafu rudi uani haraka, maana Nasra atakuwa hajamaliza kusimulia.