Shamba la Maharage la Mama

Endasak,
Agosti 1978

Dada Philomena, shikamoo.

Hapa hatujambo. Shamba la kijiji tumemaliza kulivuna, na wanafunzi wangu wamerudi darasani. Baba bado anakohoa asubuhi.

Nimekubali kwenda Visiwa vya Shelisheli kufundisha kwa kujitolea. Mwaka jana nilikataa nafasi kama hiyo, kwa sababu Mama alikuwa kitandani na ninyi mlisema mimi ndiye nisiye na mume wala watoto. Nilimuuguza mpaka akafariki.

Baada ya maziko niliomba niachiwe kile kishamba chake cha maharage. Kaka Bura akacheka mbele ya watu: "Mwanamke asiyeolewa apewe shamba ili iweje?" Wewe ulikuwa umeketi karibu nami, Dada. Ukainama tu.

Jana nilimuaga Baba. Nilidhani angalau atauliza hiyo nchi iko wapi. Aliuliza, "Sasa nani atanipikia?"

Nimemwambia kwamba wewe utafika Jumamosi. Mimi naondoka Ijumaa.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Fransiska