Sinia la Mama Mkwe

Qurayyat, Jumapili

Mama yangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu unakukuta mzima, goti limetulia, na baba anakula vizuri. Mimi sijambo, alhamdulillahi, tena nna raha mpaka naona haya. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza, kwa hiyo waraka nampa Shariffa, anayerudi Unguja, pamoja na halua ya zafarani. Kula halua kwanza, halafu usome.

Safwan, mama! Asubuhi hunimiminia kahawa yeye mwenyewe. Akipiga udi hufumba macho, nami huzionea wivu zile nyuzi.

Lakini siku ya posa hatukuambiwa kuwa nina wake wenza wawili: bendi mbili! Zote hupiga jazi ya kujaribu, ile isiyo na wimbo unaoujua wala pa kuitikia. Kila mtu anatafuta sauti ambayo haijawahi kusikika. Ya kwanza ni ya Al Khoudh, ya ustadhi Muhanna, mwalimu wa chuo kikuu, anayepiga fidla na walimu wenzake. Hukutana kwenye majlisi yake, sebule ya wageni, na makofi ni marufuku; hata kikombe kikigonga sahani, watu hukugeukia. Ya pili ni ya Wakenya wa Matrah. Kiongozi wao, Atieno, husuka watu saluni, na Ijumaa hupuliza saksafoni nyuma ya duka la matairi. Huko wanacheka, wanaitana, wanapiga hata rimu za gari.

Kwa masikio yangu mimi, mama, zote mbili ni mabati yanayoanguka ngazini, ila mabati yenye mapenzi. Wenyewe lakini hawasalimiani. Muhanna husema watu wa Matrah wanadhani kelele ni fikra. Atieno husema wale wa Al Khoudh hupiga kama wanasahihishiwa mtihani, na muziki huru gani huo wa kuomba ruhusa ya kukohoa? Safwan anazipenda zote mbili, na alikuwa akienda huku na huku kimyakimya.

Basi Ijumaa iliyopita mama mkwe, Bi Masouda, alinifanyia karamu hapa Qurayyat. Safwan wangu, ambaye hajui kumnyima mtu mwaliko, aliwaalika wote, na kila upande aliuambia kuwa ndio utakaopiga! Wanaume walikaa majlisini, sisi wanawake ndani, kati yetu ukuta na pazia la mlangoni. Atieno alikula nasi sinia moja. Aliniita shemeji, akanihimiza nile nyama, maana kuangalia chini hakushibishi.

Masinia yalipoondolewa, Muhanna akaziona ngoma za Wakenya. Tulimsikia akimwambia Safwan achague leo leo, hawa au wale, na watakaoachwa asiwafuate tena. Wakenya nao wakasema basi, wao wanafunga vyombo vyao warudi Matrah. Nikajua Safwan anauma mdomo. Mume wangu alikuwa anakatwa vipande viwili siku ya karamu yangu, mama, nami nimekaa na hina zangu!

Mara likasikika sinia. Huku kwetu ndani, mtu alikuwa akilipiga sinia tupu, polepole kwanza, halafu mbiombio. Atieno akaangua kicheko, akachukua saksafoni yake, akaufuata ule mdundo, akaupinda. Udi wa Safwan ukajibu kutoka ng'ambo ya pazia. Rimu ikaingia, na mwisho, wallahi, fidla. Kwa kuwa kule majlisini hakuna aliyemwona aliyeuanza mdundo, hakuna aliyejua amdharau nani. Bi Masouda akapiga kigelegele, na walimu wa chuo kikuu wakapiga makofi!

Muhanna akauliza kupitia pazia mpigaji yule ni nani, maana anamtaka kwenye bendi yake. Atieno akamjibu kwamba amechelewa, mpigaji ameshaolewa.

Sasa watapiga pamoja, Ijumaa moja Matrah, ya pili Al Khoudh. Muhanna bado analalamika juu ya vicheko, lakini Safwan hakuchagua, na anatembea kama mtu aliyeoa mara ya pili, mke yule yule.

Sasa kaa chini, mama. Ile video iliyopigwa kwa simu humu ndani, ikazunguka kwenye kundi la familia, ya mikono yenye hina inayopiga sinia, ambayo chini yake uliandika kuwa bibi arusi huyo hana mama wa kumfunza: mikono ile ni yangu. Na mama nnaye. Najua uliniusia kuwa bibi arusi hapazi hata sauti ya kijiko. Lakini isikilize tena, safari hii ufumbe macho. Mdundo ule ni wako, ule uliokuwa ukiupiga kwenye ndoo arusini mpaka kina shangazi wanavua viatu. Sikufunzwa na mtu mwingine.

Safwan anakuamkia, na anauliza kama unao mdundo mwingine. Bi Masouda anakusalimu sana. Sinia limebonyea, na amekataa lisinyooshwe. Nibusie baba mkono.

Mwanao, mwenye mama,
Lamya