Mikono Yangu Imenimaliza

Jumatano, alasiri. Mawingu tangu asubuhi, mvua yenyewe haishuki. Nimejifungia chumbani kwangu, mtaa wa Amani, spika ndogo masikioni, nasikiliza nilivyojimaliza mwenyewe.

Shajara, nimekwisha.

Wiki nane nimekwenda karakana ya skuli kuwatazama watoto wa darasa la sita wakiunda taa, feni za maboksi, vigari vya makopo. Utafiti wangu wa shahada ya pili unauliza jambo moja tu: mtoto akiunda kwa mikono yake, anajifunza nini? Nilirekodi kila kipindi. Leo ndiyo nimekaa kusikiliza.

Kila mtoto anapokwama, hata kichwa hajakikuna, inaingia sauti yangu: "Lete hapa."

Lete hapa! Kisha unasikika mkasi wangu, feni inazunguka, watoto wanapiga makofi, na mimi daftarini nimeandika "Amefaulu." Nani kafaulu? Mimi, mtu mzima na akili zangu, nimefaulu kuunda feni ya boksi.

Yarabi, ujuaji huu nimeutoa wapi?

Kilichonivunja ni Rahma, msichana mkimya wa dawati la mwisho. Wiki ya tano nilimwambia aichukue feni yake aende nayo nyumbani. Kwenye rekodi anajibu taratibu, bila ya ubaya: "Chukua wewe, Mwalimu. Si umeiunda wewe?" Na mimi nikacheka! Tangu siku ile hagusi kitu, anakaa kunitazama tu. Mtoto kaja kujifunza kuunda, mimi nimemfunza kukaa kitako.

Kimebaki kipindi kimoja, kesho saa tisa. Nikikiharibu na hicho, sina la kumpelekea msimamizi wangu ila uongo, na uongo siutaki. Lakini nnajijua. Nikimwona mtoto anafunga waya ndivyo sivyo, mkono hautulii, hata niape.

Basi nshamwambia Bi Zuwena, jirani yangu anayepaka hina maharusi. Kesho saa nane atanipaka mikono yote miwili, vidole na viganja, nami nitaingia karakana hina ikiwa bado mbichi, nisiweze kushika hata kalamu. Watu wataniuliza naolewa na nani. Na waulize.

Nitakaa karibu na Rahma. Akikwama, nitamwonesha viganja vyangu, basi.

Akiviona, atashika koleo mwenyewe, au nshachelewa?