Mfalme wa Kirumi Kwenye Kidani cha Shangazi

Da Zuhura mpenzi,

Hujambo? Mie sijambo, ila jua la Maskati linanipika. Jana nilikwenda Matrah na Shangazi na mumewe, Bwana Seif, kwa sonara rafiki yao, kuunga sarafu iliyobanduka kwenye kidani chake cha fedha. Kumbe sarafu yenyewe ya Warumi wa kale! Upande mmoja bibi kashika pembe iliyojaa matunda, upande wa pili mfalme kavaa taji la majani, pua kama mdomo wa kasuku.

Sonara akauliza mfalme atazame wapi.

"Ndani, kama alivyokuwa," akasema Shangazi. "Sitaki awakodolee macho wageni wangu."

Bwana Seif akaacha halwa yake. "Ndani? Yaani miaka yote hii anatazama kifua cha mke wangu?"

Sonara alicheka mpaka koleo likamdondoka. Leo mfalme anatazama nje, Shangazi kajitanda mtandio mpaka kidevuni, na Bwana Seif anatembea sebuleni kama mtu aliyeishinda Roma peke yake.

Nibusie wanao. Na niombee dua, dada, nami nipate wa kunionea wivu hivi nikishakuwa kizee.

Mdogo wako,
Salma