Mtandao Umenifanya Mwongo kwa Mdogo Wangu

Kibondo, Jumanne. Asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka barabarani na mimi nimeshakasirika.

Nimefungua steshenari yangu, nimewasha kompyuta, na kabla ya kumhudumia mteja hata mmoja nimeandika tena yale maneno. Nimeyaweka ndani ya alama za kunukuu, herufi kwa herufi: "Mwambie mwanangu migomba yake bado naipalilia."

Jana mtandao ulinipa blogu yangu hii, juu kabisa. Leo unasema hakuna matokeo. Nikajaribu tena, maneno yaleyale, ikaja picha ya bibi nisiyemjua, amezungushiwa maua, maneno hayo juu yake, na chini yake wameandika: Maneno ya bibi mmoja wa Bukoba.

Bukoba! Mama yangu hakuwahi kukanyaga Bukoba.

Hayo ni maneno ya mama. Aliyasema wodini, usiku wa mwisho, na aliyekuwa pembeni yake ni mimi peke yangu. Mwanae aliyemtaja ni Nestory, mdogo wangu, aliyeondoka kwetu Busunzu akahamia Kasulu baada ya mama kumkataa mkewe. Mama alisema hataki mkimbizi nyumbani kwake, kwa sababu Goreth alitokea Mtendeli, kambi ya wakimbizi wa Burundi. Nestory akaacha nyumba, akaacha na migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Hakupiga simu tena.

Mama alipofariki nilimtumia ujumbe wenye maneno hayo. Akaja kuzika. Alisimama katikati ya ile migomba, chini pamepaliliwa, majani makavu yamekatwa, akalia mpaka wajomba wakamshika. Akaahidi kwamba Pasaka atakuja na Goreth na watoto. Wiki ile niliyaandika maneno ya mama hapa kwenye blogu.

Kumbe kuna watu kazi yao ni kuokota vya wenzao.

Mwezi uliopita Nestory alitaka kuyasoma tena. Ujumbe wangu ulikuwa umepotea na simu yake ya zamani, akayatafuta mtandaoni. Akakutana na bibi wa Bukoba. Akanipigia, sauti imekauka.

"Dada, kumbe ulikopi. Ulitaka tu nije msibani, watu wasikucheke."

Nikamwambia tafuta vizuri, blogu yangu itakuja. Kwangu ilikuwa inakuja. Kwake ikawa haiji. Tulikuwa kwenye simu pamoja, tunaandika kitu kilekile, yeye anaona maua, mimi naona jina langu. Nikamtumia kiungo cha blogu. Akasema tarehe naweza kubadilisha, si blogu ni yangu? Na ile migomba je? Eti niliipalilia mimi, ili ifanane na maneno.

Jumapili nilipanda gari mpaka Kasulu nikamwonyeshe mbele ya macho yake. Goreth alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Nikatoa simu, nikaandika, nikabonyeza. Hakuna matokeo. Nikaondoa alama za kunukuu, nikaletewa ushauri wa mbolea ya migomba na dawa ya mnyauko. Nikazirudisha, akaja bibi wa Bukoba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, wanaeleza kwamba wameficha kurasa zinazofanana sana na hiyo. Yaani mwizi anawekwa sebuleni, mwenye mali anafungiwa stoo.

Nestory hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alisema tu, "Basi dada, yaishe. Pasaka hatuji." Goreth akaangalia chini.

Nimerudi Kibondo na uchungu. Mimi sikumwomba mtandao huruma. Nimeuomba kitu kimoja: nikiuliza maneno haya, nijibu haya. Sitaki yanayokaribiana nayo, wala yanayopendwa na wengi. Ukijibu leo hivi, kesho nijibu hivihivi. Mbona mtoto wa darasa la pili anaweza?

Mchana mteja alikuwa anasubiri nakala za vyeti, mashine inapata moto taratibu, na mimi kwa hasira nikayaandika maneno ya mama kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, kama alivyoyasema.

Mtandao ukaniuliza kama sikumaanisha kitu kingine. Nikaukatalia. Hakuna matokeo. Nikajaribu kwenye simu, hakuna. Nikarudia jioni, hakuna. Kwa mara ya kwanza umekuwa na msimamo.

Mama hakusema Kiswahili usiku ule. Kiswahili alikitumia kwa manesi tu. Haya ninayoyapigania na bibi wa Bukoba ni tafsiri yangu mwenyewe.

Nikayasoma tena kwa Kiha, polepole. Halafu nikaona.

Mama hakusema "migomba yake." Alisema "migomba yao."

Usiku ule nilidhani ulimi umemteleza, mgonjwa yule, homa ile. Migomba aliipanda Nestory kabla hata hajamjua Goreth, itakuwaje yao? Kwa hiyo nilipomwandikia Nestory niliweka "yake," na hapa nikaweka "yake," na msibani nikasoma "yake."

Nilimsahihisha mama.

Na mimi ndiye ninayelalamika kwamba mtandao haushiki neno kama lilivyo! Neno moja mama alilomwekea mkwe wake, baada ya miaka yote ile ya kumkataa, nimelitoa mimi, binti yake niliyesoma.

Kwa Kiha siyaandiki hapa. Sitaki kesho niyakute yamewekewa maua.

Kesho sifungui duka, nakwenda Kasulu. Simu nitaiacha kwenye mkoba. Sijui kama Nestory atanisikiliza, na akikataa sitashangaa. Lakini nitaomba Goreth akae nasi. Kirundi na Kiha havipishani sana, hatahitaji wa kumtafsiria. Nitayasema yote kama yalivyotoka, na nikifika kwenye "yao" nitamtazama yeye.