Rejeta Iliyotoka Timau

S.L.P. 214,
Nyeri.
9 Machi 1974.

Mpendwa shemeji Mwiti,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kuinama juu ya magari kutwa nzima. Wewe je? Ile homa uliyotuandikia wakati wa Krismasi imekuacha? Mtu wa Timau aliyezoea baridi hawezi kukaa Kisumu bila kuumwa na joto. Chemsha maji ya kunywa, usiwe mvivu.

Usishangae kuona bahasha haina stempu, nitakueleza mwishoni. Kwanza keti, uisome polepole.

Dada yangu Warigia na watoto wenu walifika salama Jumanne jioni. Asante kwa kumruhusu upesi namna ile tulipotuma telegramu kwamba Mama amezidiwa. Yule mdogo amekuwa mzito mpaka bibi yake hawezi kumbeba. Wanakunywa maziwa na kulala, basi usiwe na wasiwasi juu yao hata kidogo.

Mvua bado. Kieni yote ni vumbi, na vumbi likizidi rejeta huziba, kwa hivyo kazi imenijaa. Unaijua kazi hii. Ulikaa nami miezi minane, na sijapata mwanafunzi mwingine mwenye mikono mizuri kama yako. Nimewasifia watu wengi hiyo mikono.

Nikusimulie juu ya gari la Mwalimu Peterson wa Chaka, Pijo kuukuu, kwa sababu habari yote inaanzia hapo. Mwalimu alikuwa akitia maji ya mto kwenye rejeta, matope na yote. Ilipoanza kuvuja akatia unga wa mahindi. Unga uliposhindwa akatia mayai mawili. Nilipoifungua ilinuka kama jikoni kulikoungua uji, na vijia vyote vya maji vilikuwa vimeoza. Nilimkemea mbele ya watu. Nikamuuliza, "Mwalimu, wewe unafunza watoto kusoma, na geji ya joto unashindwa kuisoma?"

Akanijibu bila haya, "Ati geji? Hiyo ilikufa kitambo. Mimi husikiliza injini tu."

Hakuna dawa ya rejeta kama hiyo isipokuwa kuitoa na kuweka nyingine. Kusubiri mpya kutoka Nairobi ni miezi, na Mwalimu analitaka gari lake. Kwa hivyo Jumatatu ya wiki iliyopita nikapanda kwenda kwenu Timau, kwa Mzee Kaburu, yule fundi aliye nyuma ya kinu cha posho, anayenunua matrekta na magari yaliyokufa kwenye mashamba ya ngano.

Mzee alinipokea vizuri. Alisema, "Iko moja ya Pijo, na ni nzuri sana. Imekaa hapa hata kuku imezoea kutaga kando yake." Akaondoa magunia, akanitolea. Niliipuliza vumbi, nikaitazama mbele, nikaona kweli ni nzuri. Kisha nikaigeuza nione tangi la chini, kama nilivyokufundisha wewe pia, kwamba usinunue rejeta kabla ya kuona makalio yake.

 Shemeji, niliketi juu ya magunia yale, rejeta magotini.

Hili hulijui, maana hukuwapo. Mwezi wa sita mwaka wa sabini na mbili, ulipokuwa umeenda kwenu kumzika babu yako, jiwe lilitoboa rejeta ya ndugu yangu Ngatia, ile ya Pijo yake nyeupe. Sikuwa na shaba. Nikachukua stovu ya Mama ya shaba iliyopasuka, ile yenye maua yaliyochongwa ubavuni, nikakata kipande na kukilehemu juu ya tundu. Chini yake nikakwaruza herufi ya jina langu, mwezi na mwaka, W 6 72, kama ninavyofanya kwa kila kazi ili mtu asije akanibebesha makosa ya fundi mwingine. Ngatia alicheka sana. Alisema, "Sasa gari yangu iko na jiko. Nikikwama huko Isiolo nitapika chai."

Maua ya stovu ya Mama ndiyo yaliyokuwa yakinitazama pale Timau, na herufi yangu chini yake.

Nikamuuliza Mzee Kaburu ni nani aliyeileta. Hakuwa na sababu ya kuficha. "Ni kijana ya hapa hapa, huyu Mwiti alioa Nyeri. Alikuja nayo kwa mgongo, pekee yake. Alisema ni ya shemeji yake, ati gari ilianguka huko chini ikaisha yote. Ilikuwa mwezi ya kumi, ile wiki Karambu yangu aliolewa. Kwani wewe hukujua?"

Nilimuuliza mara tatu, na mara tatu alijibu vilevile. Harusi ya bintiye ilikuwa tarehe ishirini na moja Oktoba, mwaka wa sabini na mbili. Nimekwenda kuiona kwenye kitabu cha kanisa.

Ngatia aliondoka hapa tarehe kumi ya mwezi huo huo, akienda Timau kubeba viazi. Ulituambia alikula kwenu, akanywa chai, akashika njia ya Isiolo akiwa mzima. Tuliulizia Isiolo na Meru, tukaingia kila hospitali. Wewe mwenyewe ulitembea nasi siku nne. Nakumbuka ulininunulia mkate kwa sababu sikuwa nikila.

Kisha ikaja barua yako ya Pasaka, baada ya wewe kuhamia Kisumu. Uliandika kwamba umemwona Ngatia kwa macho yako, ndani ya Pijo ile ile nyeupe, na mwanamke kando yake, wakielekea Tanzania, na kwamba ameomba asitafutwe. Mimi ndiye niliyemsomea Mama barua hiyo. Nilimsomea mara mbili. Akasema tuache kumtafuta, maadamu yuko hai na ameshiba. Wacera, mke wake, alifunga virago akarudi kwa wazazi wake Mukurweini, maana watu walisema mumewe amemkimbia. Mwaka mzima amekuwa akikaa kiti cha nyuma kanisani, kama mtu aliyeiba kitu. Nakuambia wazi, nikimfikiria Wacera hasira hunipanda mpaka naweka chini vyombo vya kazi.

Labda utasema gari lilianguka kweli, ukaogopa kutuambia. Nami nilitamani iwe hivyo, nikaibeba rejeta juani nikaikagua upya. Gari likianguka, rejeta ndiyo huumia kwanza, wajua. Hii haina hata jani moja la bati lililopinda. Mipira ya maji haikukatwa, ilifunguliwa. Na nati zote nne zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake na kukazwa kwa vidole zisipotee. Katika mafundi wote wa barabara hii, kutoka Nyeri mpaka Meru, sijui anayefanya hivyo isipokuwa mimi, na mtu niliyemfundisha mimi.

Gari zima uliweza kulificha, Mwiti. Sijui ulilitumbukiza wapi au ulilikata namna gani. Lakini rejeta nzima ya Pijo ilikushinda kuitupa. Hilo ni kosa langu. Ni mimi niliyekuwa nikikufokea kila siku kwamba fundi anayetupa rejeta nzima si fundi.

Sikuifunga kwa gari la Mwalimu. Mwalimu atasubiri. Niliileta nyumbani nikaiweka mezani kwa Mama. Unajua macho yake yamefifia. Aliipapasa kwa vidole mpaka akafika kwenye maua, akasimama hapo. Akasema, "Hii ni stovu yangu." Kisha akaniuliza, "Sasa Ngatia ako wapi?" Ni swali hilo hilo ameendelea kuniuliza tangu siku ile, asubuhi na jioni. Nimelia kama mtoto, sioni haya kukuambia.

Mama hakuugua hata siku moja. Telegramu ilikuwa ya uongo, na mimi ndiye niliyeitunga. Nilitaka dada yangu na watoto watoke nyumbani mwako kwanza.

Warigia ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Aliishika muda mrefu. Nilimpa kalamu akitaka kuongeza neno, akaiweka mezani, akatoka kwenda kuwaogesha watoto.

Kagure mke wangu ameniambia nisikupelekee salamu zake. Wacera amerudi kutoka Mukurweini tangu Alhamisi, ameketi kando ya Mama wakichambua maharagwe, na leo kwa mara ya kwanza nimemwona akiinua uso. Mzee Kaburu anakusalimu. Yeye bado haelewi amesema nini.

Sasa ile bahasha. Aliyekupa anaitwa Theuri, tulikua naye boma moja. Leo hakuvaa sare, lakini ni inspekta, na wenzake wawili wako nyuma ya nyumba yako. Nilimwomba jambo moja tu, akuache usome mpaka mwisho kabla ya kutia neno, na ninamjua, atakuwa amesimama tu mlangoni akingoja. Usijaribu kukimbia. Watoto wako watakuja kuuliza siku moja, na afadhali tuwe na kitu cha kuwaambia.

Sitaki kujua mligombana nini. Hayo utawaambia wakubwa wa korti. Mimi na Mama tunataka kujua mahali alipo tu. Kama ni kando ya mto, sema mto gani. Kama ni ndani ya shamba la ngano, sema ni la nani, upande gani wa ua. Jembe nimeshalinoa, na seremala wa Chaka anamaliza jeneza leo.

Mungu akupe nguvu ya kufungua mdomo, shemeji. Inua macho sasa, umwambie Theuri.

Ni mimi niliyekupenda,
Wamae.