Mgongo Uote Jua

Jumamosi, 5 Agosti

Leo tumemaliza kuhamisha vitu vya marehemu Mama. Mwenye nyumba anataka funguo leo leo, kama vile kuna mpangaji amesimama nje na godoro kichwani. Mimi ndani na ndoo na matambara. Dada nje na jembe na kisu cha jikoni.

Aling'oa airisi zote, maua ya Mama ya ukuta wa mbele, zile za jua kali, zenye ndevu. Peke yake! Nilipotoka kumwaga maji machafu kazi ilikuwa imekwisha — mifuko miwili ya karatasi imeegemezwa ukutani, midomo imefungwa. Huu wako, huu wangu, akasema, bila kunitazama usoni. Wangu umefungwa kwa uzi mweupe. Wake kwa mkanda wa aproni ya Mama.

Nikauliza kwa nini hakuniita tugawane pamoja. Eti nilikuwa na kazi. Tangu lini Dada akanionea huruma kwa kazi? Tangu utoto yeye ndiye mkata mkate, na kipande cha mkata mkate hakijawahi kuwa chembamba.

Alipokwenda kurudisha funguo nikafungua mifuko. Kaunta ya dobi ninapofanya kazi imenifundisha jambo moja: usipokee mzigo kabla ya kuutazama ndani. Matunguu ya airisi yanafanana na tangawizi, ila juu yana majani yaliyokaa kama upepeo. Yangu — vipande vidogo, vyembamba kama vidole vya mtoto. Yake — mabonge! Manene, mazito, yanajaza kiganja.

Nilijua. Nilijua tangu aliponikwepa macho.

Nikabadilisha kamba. Uzi mweupe kwenye mabonge, mkanda wa aproni kwenye vidole. Mafundo ndiyo kazi yangu. Dada aliporudi nilikuwa nafuta kioo cha gari.

Jumapili, 6 Agosti

Nimepanda. Kitalu cha mbele, chini ya dirisha la jikoni, jua linapiga kutwa. Kama Mama alivyofundisha: miguu izikwe, mgongo uote jua. Ukifukia mgongo, tunguu linaoza. Sasa mabonge yamelala juu ya udongo kama viazi vilivyosahauliwa na mvunaji. Kila moja lina alama ya duara mgongoni, kama kitovu. Sijui ya nini.

Fundi — mume wangu, anatengeneza redio, na mimi namwita Fundi kama wateja wake — alisimama na kikombe akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikachukua ndoo nikamwagilia.

Nilimpigia Dada nione kama amegutuka. Akapokea shemeji. Dada kalala, mgongo umemkamata kwa sababu ya kuchimba jana. Shemeji ndiye aliyepanda, na shemeji hawezi kutofautisha airisi na kitunguu maji. Nikashusha pumzi.

Jumatano, 9 Agosti

Dada kapiga simu toka kitandani. Nimepanda? Mgongo nimeuacha wazi? Kuna jua la kutosha? Maswali kama hakimu! Mtu aliyenipunja hana sababu ya kujali namna hiyo. Labda dhamira inamsuta.

Jumamosi, 19 Agosti

Dada kaja dobini kwangu na mapazia. Anatembea kwa kujishikilia kiuno. Akauliza kama yangu yameshika. Nikasema yameshika vizuri. Na yako? Akasema yake hayana maana, ni ya kukumbukia tu.

Ya kukumbukia! Choyo cha mwenye nacho ni kusema hana. Mapazia yake yalikuwa na doa la chai pembeni. Alisema ni kutu. Nikaandika chai kwenye tiketi. Doa halinidanganyi mimi.

Jumanne, 14 Novemba

Bonge moja limelainika na linanuka. Jirani yetu, Mama Pazia — hatoki nje, ila pazia lake halitulii — huwa anamwaga maji ya vyombo upande wa kitalu changu. Nimemuuliza. Anasema hapana. Nimeweka jiwe mpakani ili nijue kama kuna mtu anavuka.

Mengine yanatoa vijani pembeni. Vidogo.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuna hata chipukizi moja la ua. Majani tu, na machache. Nimekaa nayo asubuhi nzima kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Dada kimya. Hajasema yake yamechanua wala hayajachanua. Mwenye njaa hulalamika, anayenyamaza ameshiba.

Mama alipokuwa hai airisi zilikuwa zikichanua msimu huu, zambarau iliyoiva karibu kuwa nyeusi, ndevu rangi ya chungwa. Alikuwa akituita sote wawili tuje tuone, hata kama ni zile zile za mwaka jana. Dada ndiye aliyekuwa akiwekewa kiti. Mimi nilikuwa nasimama. Nataka zichanue kwangu, mara moja tu. Nataka Mama aniite mimi. Basi, nimeliandika.

Jumatatu, 29 Aprili

Siku mbaya.

Shemeji kaleta suti. Nikiwa naangalia mifuko yake ya ndani akaniambia, kwa furaha, kwamba ukuta mzima kwake umechanua. Zambarau tupu! Dada analia kila asubuhi mbele ya maua hayo. Nikauliza analia nini. Akainua mabega: mambo ya Mama yenu.

Mchana nikang'oa bonge moja, nikalifunga kwenye gazeti, nikaenda duka la mbegu. Nilikwenda kumkamata Dada — niliamini aliyapaka dawa, au aliyachemsha, sijui. Muuzaji akaligeuza mara moja, akaweka kidole gumba juu ya ile alama ya duara.

"Hapa ndipo bua la ua lilipokaa. Tunguu likishatoa ua halirudii tena, mama. Haya watu huyatupa. Wanaopendana hupeana vile vidogo vya pembeni."

Nikarudi kazini. Mteja kanipa koti, nikamwandikia suruali.

Yaani alinipa yale yatakayochanua. Akajiwekea yaliyokwisha. Akayafunga kwa aproni ya Mama. Na mimi! Mwenye pupa hadiriki kula tamu — Mama alikuwa akinisomea methali hiyo nikiwa na meno ya utoto.

Jioni nimefikiria tena. Dada ananijua. Anajua nafungua kila mfuko. Je, kama alijua nitabadilisha? Kama aliweka mabonge upande wake makusudi, niyaibe mwenyewe, mikono yake ibaki safi? Nikamweleza Fundi yote. Akazima redio aliyokuwa anaijaribu.

"Wewe hata jua likichomoza unauliza limetumwa na nani."

Halafu akasema niende kwa Dada nikamwambie. Ni rahisi kwake. Yeye kitu kikiharibika anafungua skrubu.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda. Nilikuwa nimeipanga sentensi njia nzima: Dada, siku ile nilibadilisha mifuko. Sentensi fupi, haina pa kujikwaa.

Dada alikuwa amekaa mbele ya ukuta wake. Ameweka viti viwili. Nikakaa. Sijawahi kuona airisi nyingi vile, ndevu zake zinang'aa kama zimepigwa brashi. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

Kumbe mara ya mwisho alipozungumza na Mama waligombana. Alitaka Mama ahamie kwake, Mama akakataa, Dada akasema maneno. Akasusa. Hakumpigia simu tena, akisubiri Mama aanze, na Mama hakuanza — akafa. Mwaka mzima karibu, na mimi sikujua. Mimi ambaye najua nani katafuna nini kwa kutazama kola yake!

Siku ya kugawana alikata yale machanga yote, akanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naye mwishoni. Yeye akajichagulia matupu. Alijua hayachanui. Ndiyo aliyostahili, alisema, ya kukumbukia.

"Sasa tazama," akasema. "Yamechanua. Yale yaliyokufa, mdogo wangu. Mama kanisamehe."

Uso wake ulikuwa mwepesi. Sijamwona hivyo tangu tulipokuwa wasichana. Sentensi yangu nikaimeza, na ninayo hadi sasa.

Akanishika mkono akauliza yangu yamechanuaje. Nikasema vizuri. Nikadanganya bila hata kupepesa! Akasema mgongo wake umepona, atakuja Jumapili ayaone, maana hajayaona hata mara moja.

Nimerudi nimechukua koleo. Maua nitasema yamekwisha, upepo umeyapukutisha. Lakini migongo! Imelala juani, kila moja na kovu lake, na Dada makovu hayo anayajua, alikata yeye. Nimeyafukia yote. Nimeweka udongo wa kutosha na kuukandamiza kwa mkono.

Yataoza. Najua. Yakioza, Mama amekwisha kwangu kabisa, kwa maana hivyo vijani vya pembeni ndivyo tumaini langu la mwaka kesho. Lakini Dada asiyaone. Jumatatu nitayafukua. Kwa siku tatu hayataoza. Au yataoza? Na mvua imenyesha.

Jumapili, 5 Mei

Yupo hapa. Naandika jikoni, maji yako motoni, Fundi kajificha kwenye redio zake.

Alifika mapema kuliko alivyosema — kwa nini mapema? Nilikuwa bado bafuni. Fundi akamwambia asubiri ndani, yeye akasema atakaa kwenye ngazi apunge upepo. Nilipotoka na kuchungulia dirishani nikaona mgongo wake tu, ameinama juu ya kitalu. Sikuona mikono yake. Nikasimama na taulo kichwani. Nilitaka kupiga kelele, kumwita, kuunguza kitu. Sikufanya lolote.

Alikaa pale muda mrefu.

Kisha kaingia, katabasamu, kanibusu shavu. Nikasema, kwa haraka mno, upepo umepukutisha maua yote. Akasema pole. Nikamuuliza ameshapita kuyatazama? Akasema hapana, alikuwa amekaa tu kwenye ngazi.

Gauni lake la kijivu. Magotini, madoa mawili ya udongo, duara, bado mabichi. Ngazi zetu ni za saruji.

Nikasema avue nimfulie, udongo mbichi unatoka ukiuwahi. Sauti yangu ilitoka ya kaunta.

"Liache, mdogo wangu," akasema. "Ni udongo tu."

Akaomba sabuni ya mikono. Nikampa. Akaenda bafuni akafunga mlango. Ndipo nikasogea dirishani. Yote yamefukuliwa. Moja moja, mpaka la mwisho kule pembeni, udongo umepanguswa kwa vidole, migongo yote iko juani na makovu yake. Kwenye vijani vya pembeni amepangusa kwa uangalifu, hakuvunja hata kimoja.

Anajua. Hawezi kuwa hajui. Basi na msamaha wa Mama — nao nimemvua?

Maji ya chai yamechemka, nimezima. Nimeweka vikombe viwili, nimekiondoa kimoja, nimekirudisha. Nimekwenda hadi mlango wa bafuni, nimeinua mkono nigonge, nimeushusha. Ile sentensi fupi bado ninayo.

Bomba linatiririka tu. Mikono miwili haihitaji maji yote hayo.